Bia ikigoma, iulizwe hamira

Huko Uingereza leseni ya kutengeneza bia nyumbani ilifutwa mwaka 1963. Tangu hapo wengi hununua kopo la kimea na pakiti ya hamira, wakajitengenezea jikoni. Lakini kuna siku povu hutulia mapema, nayo haidromita huonyesha kuwa sukari bado ni nyingi. Bia imegoma kuchacha.

Zamani jambo hilo liliitwa mkosi. Mwaka 1856, mjini Lille, Ufaransa, mwenye kiwanda cha spiriti ya bitiruti alimwendea Louis Pasteur: mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Pasteur akachukua hadubini. Katika mapipa mazima aliona chembe za mviringo za hamira. Katika mabovu, vijidudu vya umbo jingine. Hatimaye akaonyesha kuwa uchachu ni kazi ya viumbe hai.

Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alikuza hamira safi kutokana na chembe moja. Siri hiyo haikufungiwa kabatini. Viwanda vingine navyo viligawiwa.

Basi, bia ikigoma, usikimbilie kuitia chupani. Hamira ikizinduka humo, chupa hupasuka na kujeruhi watu. Pima siku mbili mfululizo. Kama pipa limepoa, lirudishe kwenye nyuzi 20 hivi, ukoroge taratibu bila kuingiza hewa. Ikishindikana, ongeza hamira mpya.

Kiumbe hai hakilaumiwi, hutunzwa.