Seth Green

Seth Green (19 Machi 1817 – 20 Agosti 1888) alikuwa mfugaji wa samaki na mhifadhi wa uvuvi kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa ufugaji wa samaki katika Amerika ya Kaskazini.

Maisha

Green alizaliwa karibu na mji wa Rochester, jimbo la New York. Alikuwa mvuvi hodari tangu ujana, na baadaye aliuza samaki mjini humo. Wakati huo samaki walikuwa wakipungua katika mito mingi kwa sababu ya mabwawa, uchafu wa viwanda na uvuvi uliozidi.

Akiwa Kanada, alitazama samoni wakitaga na kuona kwamba mayai mengi yaliliwa na samaki wengine kabla ya kuanguliwa. Hapo alipata wazo la kuyalinda mayai kwa mkono wa binadamu.

Kazi

Mwaka 1864 alianzisha kituo cha kutotoa samaki aina ya trauti huko Caledonia, New York. Aligundua kwamba mayai mengi zaidi hurutubishwa yakichanganywa na mbegu za kiume katika maji machache.

Mwaka 1867 alijaribu kutotoa shadi, samaki wa jamii ya heringi, katika mto Connecticut. Majaribio ya kwanza yalishindikana. Kisha alitengeneza sanduku lenye sakafu ya wavu, lililoelea kwa kuinama ili mkondo wa maji uyatikise mayai bila kuyasomba. Kwa njia hiyo alitotoa mamilioni ya vifaranga.

Mwaka 1868 aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa uvuvi wa New York. Mwaka 1871 alisafirisha maelfu ya vifaranga vya shadi kwa treni hadi California, ndani ya madebe ya maziwa, akibadilisha maji njiani. Waliobaki hai waliachiwa katika mto Sacramento.

Aliandika kitabu *Trout Culture* (1870).

Urithi

Shadi walizaliana na kuenea katika pwani ya Pasifiki, ambako hawakuwepo awali. Siku hizi wataalamu huwa waangalifu zaidi kabla ya kupeleka samaki wageni katika mito mipya. Kituo cha Caledonia bado kinafanya kazi chini ya serikali ya jimbo.