Mexico 1968: Aliyemaliza Tunamjua, Je Yule Aliyetoka Njiani?

Wadau wangu wa Chuga, leo tupige stori ya mbio ambayo kila mtu anadhani anaijua. Ukiumia huku kwetu, uwe unakimbilia barabara ya Ngaramtoni au unazunguka Sheikh Amri Abeid, lazima atokee mtu akwambie, "Mbona Akhwari alimaliza?" Sawa, alimaliza. Ila siku ile kuna mwingine aliumwa mguu akatoka, na huyo ndiye alikuwa na jina kubwa kuliko wote waliopanga mstari.

Ni tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Arusha yetu iko kama mita 1,400 tu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe hewa ilivyokuwa nyepesi kule. Waliomaliza marathoni ile ni 57, wengine waliachia njiani.

Mmoja wa walioachia ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Jamaa alishinda Roma 1960 akiwa peku, akashinda tena Tokyo 1964 wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Yaani maumivu alikuwa anayajua vizuri! Lakini Mexico aliingia na mguu mbovu, na karibu na kilomita ya 17 akatoka. Mwenzake Mamo Wolde akasonga mbele na kuchukua dhahabu kwa saa 2:20:26.

Kama kilomita mbili kutoka hapo, John Stephen Akhwari wa Mbulu (wakati huo Mbulu ni Arusha, Manyara imekatwa 2002) akagongwa kwenye msongamano wa wakimbiaji wanaogombea nafasi. Akaanguka vibaya, goti likateguka, bega likapiga lami. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara anatembea, mara anachechemea. Aliingia uwanjani jua limezama, watu wengi wameshaenda zao, saa 3:25:27, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, ilimtuma amalize.

Hapo ndipo wengi tunakata stori, halafu tunaigeuza fimbo. Kuna kijana mmoja wa pande za Ngaramtoni, jina naliacha. Alijifua miezi minane, alfajiri na baridi ya Meru, kazi za vibarua anakataa ili apate kupumzika. Siku ya mbio, kilomita ya 14, msuli wa nyuma ya paja ukachanika akakaa chini. Maumivu ya paja yaliisha baada ya wiki kadhaa. Kilichommaliza ni maneno ya mtaani, na yote yalikuwa na jina la Akhwari ndani yake. Mpaka leo viatu viko chini ya kitanda, na ukipiga stori za mbio anaondoka.

Kiukweli hapo tunamkosea kijana, na Akhwari mwenyewe tunamkosea pia. Mbona Bikila hakuna anayemwita mwoga? Mbona Eliud Kipchoge alipotoka Paris 2024 baada ya kilomita 30, mgongo unamuuma, akagawa mpaka viatu kwa mashabiki, bado ni Kipchoge? Tena Akhwari alikuwa na jeraha lililompata ghafla, katikati ya mbio. Bikila alikuwa na la siku nyingi, lilikuwa linazidi kumla. Kila mmoja aliamua kwa mguu wake.

Na cha ajabu, Mexico haikuwa mwisho wa Akhwari. Goti lilipona, akarudi mazoezini, na mwaka 1970 akaenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akawa wa tano kwa saa 2:15:05, dakika 70 pungufu ya ule muda wa Mexico. Hii mbona haisimuliwi vijiweni?

Bikila naye alipata ajali ya gari Machi 1969, hakutembea tena. Mwaka huohuo wa 1970 alikuwa Uingereza, kwenye michezo ya Stoke Mandeville, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anashindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale.