Magari ya Waya katika Mtaa wa Ziwani

Katika miji mingi ya dunia wako watu wazima wenye kazi na jamaa zao ambao hukusanya sanamu ndogo za mashine: ndege, vifaru, magari, na hasa zile roboti kubwa za katuni za Kijapani. Huzinunua zikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, wakaziunga kwa subira, wakazipaka rangi na kuzipanga kabatini. Kila sanamu ina nambari yake, mwaka wake na jina la kiwanda chake. Mtu akitaka kujua sanamu ya kwanza ya kuunga ya roboti Gundam iliuzwa lini, atajibiwa mara moja: Julai 1980, kwa yeni 300, na iliyoiuza ni kampuni ya Bandai. Lakini akiuliza kigari cha kwanza cha waya kilisukumwa lini katika mtaa wa Ziwani, Nairobi, na ni mikono ya nani iliyokikunja, hapati jibu. Kazi hizi mbili ni ndugu, wala sioni kwamba ya pili ni duni kuliko ya kwanza. Tofauti ni kwamba moja iliandikwa, na nyingine ilifagiwa pamoja na takataka za ua.

Ziwani ni mmoja wa mitaa iliyojengwa na Manispaa ya Nairobi katika miaka ya 1940, upande wa mashariki wa mji, ili kuwapa makao wafanyakazi Waafrika. Jirani yake ni Kariokor na Starehe, na ng'ambo ya mto yako masoko ya Gikomba na Kamukunji. Yafaa msomaji akumbuke jinsi serikali ya kikoloni ilivyomtazama Mwafrika wa mjini siku zile. Alihesabiwa kuwa mgeni, mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Tangu mwaka 1920 mwanamume alilazimika kuchukua kipande, na nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya kulala wanaume peke yao, kana kwamba hawana wake wala watoto. Katika mpango kama huo mtoto hakuwa na mahali. Basi mwanahistoria akitaka kujua kama watoto walikuwapo, atafute walivyovichezea. Kigari cha waya ni hati ya mkaazi ambaye hakuandikiwa hati.

Sasa tutazame kilivyoundwa. Jambo la kwanza lilikuwa waya, na waya haukununuliwa. Ulitoka katika ua uliovunjika, katika kitundikio cha nguo, au katika mabaki yaliyotupwa nje ya karakana. Ukiwa na kutu ulisuguliwa kwa mchanga. Ukiwa umepindapinda ulinyooshwa kwa kugongwa juu ya jiwe. Mwenye koleo alikuwa tajiri, na wengine wote walikunja kwa meno na mawe, jambo ambalo akina mama hawakulipenda. Kwanza iliundwa fremu ya chini, nayo ikawa na vyuma viwili vya kupokea magurudumu. Kisha zikainuliwa nguzo za milango na madirisha, halafu paa. Kila kiungo kilifungwa kwa waya mwembamba au kwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu, na baadaye vipande vya kandambili vilivyokatwa mviringo, ambavyo havikupiga kelele barabarani. Mwisho uliwekwa usukani: waya mrefu au ufito uliotoka katika gurudumu la mbele hadi kifuani mwa mtoto, na juu yake duara la kushika. Akikata kulia, gari nalo likakata kulia. Mtoto alikimbia nyuma yake huku akinguruma kwa mdomo, akibadili gia penye mwinuko.

Hapa pana tofauti moja ambayo yastahili kufikiriwa na kila anayejifunza hesabu. Sanamu ya kuunga ya kiwandani hupimwa kutokana na kitu kikubwa. Gundam ya katuni ina urefu wa mita 18. Ile sanamu ya mwaka 1980 ilipunguzwa mara 144, ikawa na urefu wa kama sentimita 12 na nusu. Ukijua kipimo hicho waweza kurudi kwenye kitu chenyewe bila kukosea. Kigari cha waya kilipimwa kwa shibiri, lakini kipimo kilichotawala vyote kilikuwa mwili wa dereva. Usukani usipofika kifuani, mgongo utauma. Magurudumu yakiwa madogo mno, gari litakwama katika kokoto. Mtoto akiwa mrefu zaidi alijenga gari jingine. Fundi huyu hakupunguza gari la mtu mzima tu, bali alijenga gari la ukubwa wake, lenye kwenda. Nathubutu kusema kwamba hili la pili ndilo gumu zaidi, maana sanamu ya kabatini haihitaji kushinda kokoto.

Wala tusidhani kwamba Wajapani walianza na viwanda vikubwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945 miji yao ilikuwa majivu, na bati halikupatikana. Fundi mmoja, Matsuzo Kosuge, aliyekuwa katika mji wa Otsu, aliyachukua makopo ya chakula yaliyotupwa na askari wa Marekani, akayakata, akayakunja, akafanya vigari vidogo vya jipu mfano wa zile walizoendesha askari hao. Watoto wakavigombania. Kwa hiyo mwanzo wa vitu vya kuchezea vya Japani baada ya vita ulikuwa kopo tupu la mgeni, sawasawa na kopo la mafuta ya kupikia la Ziwani. Lakini huko kopo lilipata mtaji, soko na kumbukumbu. Mwaka 1979 ikaonyeshwa katuni ya Gundam katika televisheni, nayo haikupata watazamaji wengi ikakatizwa kabla ya wakati wake. Sanamu za kuunga ndizo zilizoifufua, na hata leo zimekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 500.

Neno lenyewe roboti lina historia inayotuhusu. Lilizaliwa mwaka 1920 katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, kutokana na neno la lugha yake, robota, maana yake kazi ya shokoa. Kwetu robota ni mzigo uliofungwa. Jirani wa Ziwani, yaani Kariokor, amepata jina lake kutokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi lililokuwa na kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walichukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya jeshi, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Maana zote mbili za neno zilikutana juu ya kichwa cha mtu mmoja, na wajukuu wa watu kama yeye ndio waliosukuma magari ya waya juu ya ardhi ile ile.

Mwaka 1953 maduka ya Uingereza yalianza kuuza sanamu ya plastiki ya ndege ya Spitfire iliyotengenezwa na Airfix. Nairobi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Waya, bomba, komeo la mlango na ukanda wa tyubu, vitu ambavyo mtoto aliviokota kwa mchezo, ndivyo vilivyotumiwa na mafundi wa Mau Mau kutengenezea bunduki zao. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Waafrika ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Baba wa mtoto aliyekuwa akikunja waya aliweza kutoka asubuhi na asirudi kwa miaka. Katika msiba huo watoto wengi walibaki bila mlezi, na mwaka 1959 Kituo cha Wavulana cha Starehe kikafunguliwa, kikianzia katika vibanda viwili vya bati, kuwapokea wavulana wa namna hiyo.

Baada ya Uhuru magari ya waya yalifuata magari ya kweli. Fundi wa miaka kumi hakuhitaji picha; alisimama kando ya barabara akatazama. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, zilimpa mifano bora: Peugeot, Volvo ya Joginder Singh iliyoshinda mwaka 1965, kisha magari ya Japani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, yenye bodi ndefu mbele na fupi nyuma, na mwaka 1974 Joginder akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer. Miaka mingi baadaye kampuni ya Hasegawa ya Japani iliitoa Datsun ile ya 1971 kuwa sanamu ya kuunga, iliyopunguzwa mara 24. Mkusanyaji wa Tokyo aweza kuinunua leo pamoja na maandishi yake ya ubavuni. Datsun za waya hazimo katika kabati lo lote. Zilipokwisha kuchakaa waya wake ulifunguliwa ukafanywa gari jingine.

Lakini ufundi haukupotea wote pamoja na waya. Ng'ambo ya mto, pale Kamukunji, wafua bati walikuwa wakigonga masanduku ya wanafunzi, karai na majiko, na vijana waliozoea kukunja na kufunga hawakufika kwao mikono mitupu. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliwaandikia sifa mafundi wa namna hiyo katika taarifa yao ya mwaka 1972, na mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea akaahidi kuwajengea vivuli, maana walifanya kazi juani. Ndiyo asili ya jina la jua kali. Wasichana, kwa bahati mbaya, hawakukaribishwa katika kazi ya waya. Wao waliachiwa wanasesere wa magunzi na vitambaa, na mlango huo wa ufundi ukafungwa kwao tangu utotoni.

Siku hizi waya umepungua na kandambili zimekuwa ghali kukatwa. Vijana wa Nairobi wenye mkono huo huunda matatu ndogo za karatasi ngumu na plastiki, zile za fahari ziitwazo nganya, pamoja na michoro yake, vioo vyake na taa zinazowaka kwa betri. Baadhi yao huandika chini ya gari jina lao na tarehe.