Basi Likiondolewa, Aulizwe Nani?

Baada ya hesabu za fedha na habari za kamati, tumeona vema kuwawekea wasomaji wa taarifa hii historia fupi ya jambo limgusalo kila mtu aamkaye kabla ya jua kwenda kazini, nalo ni usafiri wa basi. Hatutaandika juu ya injini wala juu ya tabia za makondakta. Twataka kuuliza swali moja tu: basi likiondolewa katika njia yake, wakazi waliolitegemea waende kumwuliza nani? Tumeichagua nchi ya Uingereza kwa sababu huko swali hilo limepata majibu matatu mbalimbali katika muda usiotimia miaka mia, na wananchi wa kawaida wamekuwa na sehemu kubwa katika jibu la tatu. Tena uko uzi utokao huko mpaka Nairobi, kama tutakavyoona.

Mabasi yalipoenea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wenye magari wengi waligombea njia zenye abiria tele na kuzipuuza zile zenye abiria haba. Ndipo ikatungwa Sheria ya Barabara ya 1930, iliyoweka makamishna wa usafiri. Tangu hapo haikuruhusiwa kuendesha basi katika njia yo yote bila leseni ya njia hiyo, na makamishna waliangalia saa na nauli pia. Halmashauri za miji, makampuni ya reli na hata makampuni mengine ya mabasi yaliweza kuleta pingamizi, na shauri likasikilizwa hadharani. Kampuni iliyolindwa katika njia nono ilitazamiwa kuilisha njia nyembamba kwa faida ya ile nono. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na mlango unaojulikana: mwenye shauri alijua pa kwenda.

Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi walinunua motokaa zao wenyewe. Abiria wakapungua, na faida ya njia nono haikutosha tena kuzilisha nyembamba. Vijiji vikaanza kupoteza mabasi. Sheria ya Uchukuzi ya 1968, iliyoandaliwa na Bi. Barbara Castle alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, iliziruhusu halmashauri kutoa ruzuku kwa mabasi ya mashamba, na mwaka uliofuata Shirika la Taifa la Mabasi likaanza kazi. Kwa hiyo mlango wa pili ukafunguliwa: aliyepoteza basi aliweza kumwendea diwani wake na kumwambia, "Lipieni njia hii."

Jibu la pili lilikuja kwa kishindo. Mwaka 1984 Bw. Nicholas Ridley, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, alitoa waraka wa serikali uliosema kwamba mashindano huru yatapunguza gharama na kuwaleta abiria. Sheria ya Uchukuzi ya 1985 ikapitishwa, na tarehe 26 Oktoba 1986 ikaanza kutumika katika Uingereza yote isipokuwa London na Ireland ya Kaskazini. Leseni za njia zikafutwa. Kampuni iliyotaka kuanzisha njia, kuibadili au kuiacha ilitakiwa tu kumpelekea kamishna taarifa ya siku 42. Kamishna hakuwa na uwezo wa kuuliza kama wakazi watadhurika. Shirika la Taifa la Mabasi likauzwa vipande vipande. Halmashauri zikabakiwa na kazi ya kuziba mapengo: kuitisha zabuni na kulipia njia ambazo kampuni haikuzitaka, kama fedha zipo.

Hatupendi kuidhulumu kampuni yo yote katika maelezo haya. Kampuni ya biashara si nyumba ya sadaka. Basi lisafirilo na abiria wanne hula mafuta sawasawa na lililojaa. Lakini tazama maana ya mpango ule kwa mkazi. Akiilalamikia kampuni, huambiwa njia haina faida. Akiilalamikia halmashauri, huambiwa kampuni iko huru. Akimlalamikia kamishna, huambiwa taarifa ya siku 42 imefika kwa wakati. Kila mmoja amesema kweli, na bibi kizee bado yu kituoni.

London haikuingizwa katika mpango huo. Huko mamlaka ya mji yaliendelea kuamua njia, saa na nauli, na makampuni yakashindania zabuni ya kuendesha tu. Idadi ya safari za basi London iliongezeka karibu maradufu kati ya 1986 na 2014, lakini katika sehemu nyingi za nchi abiria walizidi kupungua. Si haki kusema kwamba sheria peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, maana London ilipewa pia fedha nyingi za umma, na watu wake waliongezeka. Hata hivyo wakazi wa miji mingine walianza kuuliza: kama yafaa kwa London, mbona haitufai sisi?

Mapengo yalizibwa kwa ruzuku muda wa zaidi ya miaka 20. Ilipofika 2010 na baadaye, serikali kuu ilipunguza fedha za halmashauri, na ruzuku ya mabasi ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa, kwa kuwa sheria haikuilazimisha halmashauri kuitoa. Halmashauri ya Cumbria, upande wa kaskazini-magharibi, ilikoma kutoa ruzuku hiyo mwaka 2014. Ile ya Oxfordshire ilikoma Julai 2016. Chama cha kutetea usafiri bora kiitwacho Campaign for Better Transport kilihesabu mwaka 2018 kwamba zaidi ya njia 3,000 zilikuwa zimepunguzwa au kuondolewa katika England na Wales tangu 2010. Na hapa pana jambo la kusikitisha: tangu Aprili 2008 wazee na walemavu wa England walikuwa wamepewa kwa sheria pasi ya kusafiri bure katika mabasi ya nchi yao yote. Wengi wakabaki na pasi mkononi, na basi lenyewe hakuna. Haki isiyo na chombo cha kuifikisha ni kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Wakazi walifanya nini? Kwanza walifanya lile ambalo kila mtu hufanya: waliandika barua, wakakusanya sahihi, wakajaza kumbi za mikutano, wakawaalika wenye magazeti ya wilaya. Mara nyingine njia ilirudishwa, walau safari chache kwa juma, hasa pale walipoleta hesabu pamoja na kilio: abiria wangapi hupanda siku ya soko, wangapi huenda hospitali, wanafunzi wangapi watakosa masomo. Mara nyingi zaidi haikurudishwa.

Pili, wengine waliamua kujitegemea. Sheria ile ile ya 1985 ilikuwa na kifungu kiruhusucho vyama visivyotafuta faida kuendesha basi la wakazi. Katika Hawes, mji mdogo wa mabonde ya Yorkshire, gari dogo lijulikanalo kama Little White Bus lilianza 2011 kuwapeleka watu kwenye stesheni ya reli ya Garsdale, likitegemea sana madereva wa kujitolea. Katika Witney, baada ya ruzuku ya Oxfordshire kukatwa 2016, wakazi waliunda chama cha usafiri kuurudisha mzunguko wa basi la mji. Kazi hiyo yastahili sifa kubwa. Lakini haifai kuwa kisingizio cha kumwondolea mzigo yule mwenye wajibu, kwa maana kijiji chenye wastaafu wenye nafasi hupata madereva, na mtaa wa watu watokao kazini usiku wamechoka hauwapati.

Tatu, na hapa ndipo jibu la tatu lilipotoka, wakazi wa miji mikubwa waliacha kuombea njia moja moja, wakaigeukia sheria yenyewe. Mwaka 2017 Bunge lilikuwa limewapa mameya wa majimbo ya miji uwezo wa kuyarudisha mabasi chini ya mamlaka ya umma kwa mtindo wa London. Katika Manchester Kuu wakazi na vyama vya wafanyakazi walifanya kampeni ya kumsihi Meya Andy Burnham autumie uwezo huo, naye akatangaza Machi 2021 kwamba atautumia. Makampuni mawili, Stagecoach na Rotala, yalipeleka shauri mahakamani kuupinga uamuzi, na Machi 2022 Mahakama Kuu ikayakatalia. Tarehe 24 Septemba 2023 mabasi ya kwanza ya mpango mpya yalianza Bolton na Wigan, na tarehe 5 Januari 2025 jimbo lote likawa limeingia. Ilikuwa mara ya kwanza nje ya London tangu 1986. Baadaye mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya ya mabasi, iliyopanua uwezo huo kwa mamlaka zote za usafiri za England, na kuzitaka ziorodheshe njia zilizo za lazima kwa maisha ya watu, ili zisifutwe kimyakimya.

Jina Stagecoach si geni kwa msomaji wa Nairobi. Kampuni ya KBS ilianza kazi mjini humo mwaka 1934, na mwaka 1966 Halmashauri ya Jiji ikawa na robo ya hisa zake. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni za namna ile ya basi. Mwaka 1991 Stagecoach, iliyozaliwa Scotland na kukua upesi kwa kununua makampuni yaliyouzwa baada ya sheria ya 1985, ilichukua sehemu kubwa ya KBS. Mwaka 1998 ikaiuza na kuondoka. Matatu imewafikisha wengi mahali ambapo basi la kampuni halikufika, na hatuna budi kuishukuru. Lakini iendapo yenye faida, na irudipo ipendapo, sisi nasi twarudi kwenye swali lile lile: tumwulize nani?

Kwetu jibu limeandikwa, ingawa halisomwi sana. Katiba ya 2010 imeuweka usafiri wa umma wa barabarani miongoni mwa kazi za kaunti, na kifungu chake cha 37 champa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Leseni za magari ya abiria hutolewa na mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, iliyoundwa 2012. Milango ni hiyo miwili, na yafaa ijulikane kabla haijahitajiwa.

Kwa hiyo twawashauri wanachama, mtaa wao ukipoteza gari, wasianze kwa kelele kituoni. Na waandike daftari: siku, saa, abiria waliosubiri, na waliokwenda kwa miguu. Na wakubaliane ombi moja, si ishirini. Kisha walipeleke kwa yule ambaye sheria imempa uwezo wa kujibu, na wasiridhike na jibu la mwingine. Watu wa Manchester walingoja miaka 37 tangu siku ile ya Oktoba 1986 hata kuyaona mabasi yakirudi mikononi mwa umma. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo wazee walivyosema. Nasi twaongeza kwamba huila upesi zaidi ajuaye mti ni wa nani.