Kiti cha mezani: namna fundi wa mbao anaweza kukipa sura yake

Fundi anayefuatisha modele ya jirani anashindana naye kwa bei tu, na kiti cha plastiki kinawashinda wote wawili kwa bei. Kiti chenye sura yake kinamupa mununuzi sababu ingine ya kuchagua. Lakini sura hiyo haitoki kwa maua yanayochongwa mwishoni. Inatoka kwa namna mutu anakaa na namna mbao zinaungana.

Vipimo

Meza ya kulia chakula inakuwa na urefu wa sentimeta 72 mpaka 76. Kikalio kinakuwa sentimeta 43 mpaka 46 kutoka chini, ili kufika juu ya meza kubakie karibu sentimeta 30. Kutoka mbele mpaka nyuma, kikalio kiwe na sentimeta 40 mpaka 43. Kikizidi hapo, mutu mufupi hafikii mugongo wa kiti. Mugongo wenyewe unalala nyuma kidogo.

Pahali kiti kinavunjikia

Mutu akishiba, anaegemea nyuma, na miguu ya mbele inainuka. Uzito wote unaenda pale mbao ya pembeni ya kikalio inaingia ndani ya muguu wa nyuma. Ndipo kiti kinaanza kucheza. Musumari peke yake hautoshi: inafaa ulimi wa mbao uingie ndani ya tundu, pamoja na kole. Ikuwe libuyu ao grevilea, mbao iwe imekauka. Mbao mbichi inasinyaa kisha, na ulimi unalegea.

Mfano wa Thonet

Katika mwaka wa 1859, kiwanda cha Mujerumani Michael Thonet, aliyekuwa anafanya kazi Austria, kilitoa kiti namba 14. Alikunja mbao kwa mvuke: muguu wa nyuma na mugongo ni mbao moja iliyopindwa. Hivi aliondoa viungo vingi. Kiti kizima kilikuwa na vipande 6 vya mbao, vise 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia ndani ya sanduku la meta moja kila upande. Kufikia 1930, viti karibu milioni 50 vilikuwa vimeuzwa. Ile sura watu wanaitambua mpaka leo ilitoka ku namna ya kukitengeneza na kukisafirisha.

Namna ya kuanza

Inafaa kubadilisha kitu kimoja tu, kwa mufano mukunjo wa miguu ya nyuma. Fundi anachora upande wa kiti ku tripleksi kwa ukubwa wake wa kweli. Kiti cha kwanza anakitengeneza kwa mbao za bei ndogo, alafu watu warefu na wafupi wanakikalia wakikula. Kisha anasahihisha muchoro, anakata ile tripleksi, na kuitunza. Nyumba iliyonunua viti sita ikivunja kimoja kisha miaka, atatoa kingine chenye kufanana navyo.