Miaka Mia Moja ya Kumfundisha Mhudumu wa Afya Tanzania

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Julius Nyerere alikumbushia idadi hiyo hata uzeeni mwake, akiitaja pamoja na wahandisi wawili, kuonyesha urithi ambao ukoloni ulituachia. Kwa nchi yenye watu wapatao milioni 10, maana yake ni kwamba mwananchi wa kawaida alizaliwa, akaugua na akafa bila kuonana na daktari hata siku moja.

Hata hivyo watu walitibiwa. Walizalishwa, walifungwa vidonda, walichomwa sindano na kuchanjwa. Waliofanya kazi hiyo ni wakunga, madresa (wafunga vidonda), wauguzi na matabibu wasaidizi, watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Historia ya afya ya nchi yetu ni historia ya watu hao na ya namna walivyofundishwa. Ukiifuatilia kwa karne nzima, somo moja linajirudia: mafunzo huokoa maisha pale yanapomfuata mhudumu hadi kituoni kwake, yakamkuta na vifaa, na pakawapo mtu wa kumsimamia. Yakiishia kwenye cheti, hubaki cheti.

Kabla ya hospitali

Ujuzi wa tiba haukuletwa na meli. Kila jamii ilikuwa na waganga wake na wakunga wake, na kila mmoja wao alikuwa na mwalimu. Binti aliyetaka ukunga aliandamana na mkunga mzoefu kwa miaka, akishika taa, akichemsha maji, akitazama, kisha siku moja akaachiwa mikono yake ifanye kazi huku mkubwa wake akimwangalia. Makosa yalisahihishwa papo hapo. Elimu hiyo ilikuwa na mipaka mikubwa, kwani mama aliyetokwa na damu nyingi au aliyekwama na mtoto hakuwa na pa kukimbilia. Lakini ilikuwa na jambo ambalo vyuo vya baadaye vilichelewa kulishika: mwanafunzi alijifunza kazi akiwa kazini.

Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1897, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali ya Waafrika na Waasia ilijengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Waafrika waliokuwa ndani ya hospitali hizo kama wafanyakazi walikuwa wabebaji, wafagiaji na wasaidizi. Walijifunza kwa kutazama, bila mtu kuwahesabu kuwa wanafunzi.

Dresa na sindano ya buba

Mabadiliko yalianza chini ya Waingereza katika miaka ya 1920. Serikali ilianzisha utaratibu wa madresa wa tawala za wenyeji: kijana aliyejua kusoma na kuandika alipelekwa hospitali ya wilaya, akafundishwa kusafisha vidonda, kutoa dawa chache na kutambua magonjwa ya kawaida, kisha akarudishwa kwao kuendesha zahanati ndogo. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya utawala wa wenyeji.

Wakati huo ugonjwa wa buba ulikuwa umeenea vijijini, na sindano zake zilikuwa na matokeo ambayo kila mtu aliyaona kwa macho. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miezi vilikauka. Watu walitembea mwendo mrefu kufuata sindano, na imani ya wanakijiji kwa tiba ya hospitali ilijengeka hapo, mikononi mwa vijana wenye elimu ndogo. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: dresa akishafika kijijini aliachwa peke yake. Hakuna aliyemkagua mara kwa mara wala aliyemwongezea ujuzi, na alichokisahau hakikurudi.

Misheni zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1935 daktari kijana wa upasuaji, Leader Stirling, aliwasili kutoka Uingereza na kuanza kazi Lulindi, Masasi, katika hospitali ya majengo ya udongo na nyasi. Alipasua wagonjwa humo humo, na alifundisha wauguzi kutoka vijiji vya jirani, kwa sababu alijua kwamba daktari mmoja hawezi kulala macho kila usiku kwa kila mgonjwa. Stirling alikuwa mbunge, aliomba uraia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

Uhuru na ngazi ya kupanda

Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu. Ndicho tunachokijua leo kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Lakini kusubiri madaktari wa kutosha kungechukua vizazi. Mwaka 1964 jopo lililoongozwa na profesa wa Kiingereza Richard Titmuss lilipendekeza kwamba nguvu ziwekwe kwenye kinga, vituo vya afya vijijini na watumishi wa kada za kati. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliupa mwelekeo huo msukumo wa kisiasa: fedha zitoke kwenye hospitali kubwa za mijini ziende kwa mkulima.

Ndipo kada zetu zilipopangwa kwa ngazi. Aliyemaliza darasa la saba aliweza kusomea utabibu msaidizi wa vijijini, wale ambao wananchi waliwaita RMA. Aliyemaliza kidato cha nne alisomea utabibu. Tabibu aliyefanya kazi kwa miaka kadhaa alirudi chuoni akawa daktari msaidizi, mwenye ruhusa ya kufanya hata upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Ifakara, ambako Waswisi walikuwa wamefungua maabara ya utafiti mwaka 1957, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolea kada hizi tangu mwanzo. Mwaka 1971 hospitali za rufaa za KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza zilianza kazi. Ustawi wa jamii nao haukusahauliwa: mwaka 1973 ilianzishwa taasisi ya taifa ya kufundisha maofisa wake, ambayo leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii.

Wapo waliowadharau madaktari wasaidizi kwa kuwaona madaktari nusu. Historia imewakatalia. Kwa miongo kadhaa, katika hospitali nyingi za wilaya, mikono iliyomwokoa mama aliyekwama na uchungu usiku wa manane ilikuwa ya daktari msaidizi.

Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania ilifanya jambo ambalo mataifa mengi yalikuja kulisoma. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa kushushiana ujuzi, kutoka ngazi ya taifa hadi kijijini. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu kwa pamoja, kikajadili, kisha kikaamua kitendo: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Kila kikao kililenga kitendo, na ndiyo maana vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi.

Mikono mitupu, na mfano wa Kigoma

Kisha hali ikawa ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uchumi uliodorora viliziacha zahanati zikiwa na watumishi waliofundishwa lakini rafu zao tupu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 serikali, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ilianza kupeleka vijijini masanduku ya dawa muhimu, na watumishi wakafundishwa kuzitumia kwa mpangilio. Katika miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa, na nesi mmoja akafanya kazi ya watatu.

Katika kipindi hicho kigumu ndipo ulipopatikana ushahidi mzuri kuliko wote wa nguvu ya mafunzo. Katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, mwaka 1984, vifo vya uzazi vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Daktari bingwa wa uzazi Godfrey Mbaruku na wenzake walianza kwa kuchambua majalada ya waliokufa, kujua hasa nini kiliwaua. Kisha wakachukua hatua 22, nyingi zikitumia rasilimali zilizokuwapo hapohapo: miongozo ya wazi ya kumhudumia mama, vifaa vilivyoharibika vikatengenezwa, upatikanaji wa damu ukaimarishwa, na watumishi wakafundishwa mfululizo. Kila kifo kilijadiliwa na wahusika wote, lengo likiwa kisitokee kingine cha namna hiyo. Kufikia mwaka 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186. Yote hayo yalifanyika katika mkoa wa mbali, wakati nchi haina fedha.

UKIMWI uligusa upande mwingine wa kazi hii. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka 20 hospitali hazikuwa na dawa ya kuwapa wengi wao. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha shirika la WAMATA, likafundisha watu kutoa ushauri nasaha na kuwatunza wagonjwa majumbani. Hapo taifa lilijifunza kwamba kumsikiliza mgonjwa, kumwosha na kumtunzia siri ni ujuzi wa kufundishwa kama ulivyo ujuzi wa kuchoma sindano.

Semina haitoshi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilianza kuwafundisha watumishi wa zahanati kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake. Kozi ilikuwa ya siku 11. Mtoto akiletwa na homa, mtumishi hakuandika dawa ya malaria na kumwita mwingine. Aliuliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Alihesabu pumzi zake kwa dakika nzima, maana mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayevuta pumzi 50 au zaidi anashukiwa kichomi. Alitazama viganja kama vimepauka, akampima uzito, akakagua kadi ya chanjo. Halmashauri nazo ziliimarisha usimamizi na upatikanaji wa dawa. Vifo vya watoto vikawa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya za jirani za Kilombero na Ulanga.

Haydom, mkoani Manyara, ilitoa funzo kali zaidi. Mwaka 2010 wakunga wa hospitali hiyo walifundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mdoli, namna ya kumsaidia kichanga asiyepumua katika dakika yake ya kwanza. Kwenye mdoli walifanya vizuri. Wodini, miezi baadaye, utendaji haukuwa umebadilika. Hospitali haikuwalaumu wakunga, ilibadilisha mafunzo. Mdoli uliwekwa wodini kwenyewe, na mazoezi yakawa ya dakika chache kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya vichanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40.

Kuhusu kauli chafu na dharau wodini, malalamiko ambayo kila familia ya Kitanzania inayajua, mradi wa Staha mkoani Tanga uliwakalisha wananchi na watumishi pamoja, wakaandika mkataba wa heshima kati yao, kisha watumishi wenyewe wakapanga namna ya kuboresha wodi yao. Akina mama waliodhalilishwa wakati wa kujifungua walipungua sana. Heshima nayo, basi, hufundishika, ila anayetarajiwa kumheshimu mgonjwa naye anastahili nafasi ya kufanyia kazi, glavu za kutosha na mkubwa wa kazi asiyemfokea.

Tulipo leo

Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Mafanikio hayo yana sababu nyingi, na mikono ya watumishi waliofundishwa imo ndani yake. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha na kusambaza zaidi ya wahudumu 137,000 wa afya ya jamii katika miaka mitano. Hawa ndio warithi wa madresa wa miaka ya 1920 na wa viongozi wa vikundi wa Mtu ni Afya.

Tusiwafanyie tulivyowafanyia madresa. Kila halmashauri inayompokea mhudumu mpya iweke kwenye bajeti yake nauli ya msimamizi wa kumtembelea kila mwezi, mkoba usiokaukiwa vifaa, siku ya kurudia mazoezi, na posho inayofika kwa wakati. Na wewe msomaji, kamati ya zahanati ya kijijini kwako ni yako. Ingia kwenye kikao chake kijacho, uulize: mhudumu wetu alifundishwa lini mara ya mwisho, na nani alikuja kumwona akifanya kazi?