Kariokor, Kariakoo

Nilikuwa kimya kwa sababu kazi ilinipeleka Nairobi. Asubuhi moja nikapata saa mbili tatu za kwangu, nikaamua kwenda soko la Kariokor. Mtoto wa Dar atalipitaje soko lenye jina kama hilo?

Nilifika mapema. Moshi wa nyama choma ulikuwa tayari umeshaanza, na huko kwenye vibanda akina mama walikuwa wakining'iniza vyondo vya katani, wengine wakimalizia kushona mikanda ya ngozi. Pembeni kuna mafundi wa viatu vya tairi. Sisi tunaviita katambuga, wao wanaviita akala.

Nikasimama kwa mama mmoja, nikamsalimu, "Shikamoo mama." Akacheka. "Wewe ni wa Tanzania! Huku hatuamkiwi hivyo kila siku." Nikamwambia kwetu pia tuna Kariakoo, kubwa kuliko hii. Akasema labda mliiba jina.

Hapana, mama, hatukuiba. Tuliachiwa wote na Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, jeshi lao lilianzisha Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, chini ya Oscar Watkins. Malori hayakufaa kitu kwenye matope, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo risasi, unga na hata wagonjwa vilibebwa na watu. Mwanzoni baadhi walijiandikisha wenyewe. Kufikia 1917 ulikuwa msako, kijiji kwa kijiji. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, waliwaweka wachukuzi hao pale ambapo leo ni soko letu. Nairobi nao walikuwa na kambi yao. Jina la Kiingereza likapita midomoni mwa watu: huku likatoka Kariokor, kwetu Kariakoo.

Walikufa kwa makumi ya maelfu. Kumbukumbu za serikali zenyewe zinataja zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo mno. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, tena kilichopikwa nusu nusu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia watu wao. Sababu iliyotolewa ni kwamba ndugu hawakujulikana. Ajabu, wakati wa kuwakamata walijulikana walikokaa!

Jambo hili linanigusa kwa sababu marehemu bibi yangu alisimulia kuwa baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na hakurudi. Hakuna barua iliyokuja, wala rupia.

Ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar, iliyowekwa 1927, ni ya askari peke yake na bunduki yake. Nilikua nikiipita kila siku nikiwa kwenye daladala bila kujiuliza kitu. Mchana ule, baada ya soko, nikaenda Kenyatta Avenue kuona ya Nairobi. Pale wamesimama watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Nilimtazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Watu walinipita na simu zao, na mlinzi mmoja akaanza kunitilia shaka.

Kiondo nilikinunua, baada ya kupunguziwa bei kidogo kwa ajili ya ile shikamoo. Mama aliniuliza cha nani, nikasema cha mama yangu. Nikimpelekea nitamuuliza kama anajua babu yake aliitwa nani. Bibi alikuwa akimtaja kama "baba" tu, na mimi sikuwahi kumuuliza.